Mwenye Projekta

Odeta Rugemalira aliingia dukani kwa Chenge akiwa na futi ya fundi mkobani na swali moja tu. Alitaka kujua kama projekta ikifungwa darini, mita mbili na nusu kutoka kwenye pazia, itatoa picha yenye upana gani.

Chenge alikuwa na duka la televisheni, spika na vifaa vya umeme katikati ya mji wa Mwanza. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kumvutia mteja kiti, na alimvutia Odeta kiti kabla hajasema neno.

"Karibu sana, mama. Mzee anataka ya kuangalia mpira?"

"Ninayetaka ni mimi," Odeta alisema. "Ya kuchezea gofu, nyumbani."

Chenge alicheka kidogo, akatazama mlangoni kana kwamba anamsubiri mtu wa kucheka naye. "Gofu ya ndani ya nyumba. Haya, dunia imeendelea."

Odeta hakucheka. Alikuwa mkaguzi wa ubora katika kiwanda cha minofu ya samaki, na kazi hiyo ilikuwa imemzoesha kurudia swali mpaka lijibiwe. Akamweleza polepole. Katika gereji ya nyumba yao kule Buhongwa alikuwa ametundika pazia zito jeupe, la kuhimili mpira. Yeye husimama mita tatu kutoka pale pazia lilipo, akapiga mpira wa kweli kwa fimbo ya kweli. Kifaa kidogo kinachokaa sakafuni husoma kasi ya mpira na mwelekeo wake, na kompyuta ikaonyesha mpira ule ukiruka juu ya uwanja wenye nyasi, mashimo ya mchanga na bendera. Vyote hivyo alikuwa navyo tayari. Kile kifaa alikinunua kwa mama mmoja wa Kenya aliyekuwa anahama Mwanza. Kilichobaki ni mashine ya kuutupa uwanja ule kwenye pazia, aone anapopiga.

"Kwa hiyo nataka inayotoa picha kubwa ikiwa karibu," alisema. "Ikae juu, mbele yangu kidogo. Ikikaa nyuma yangu, kivuli changu kitaingia kwenye picha. Mwanga wake uwe wa kutosha, maana gereji ina matundu ya hewa na mchana jua linaingia. Na isiwe ya bei kubwa. Hata iliyotumika siikatai."

Chenge alinyoosha mkono kwenye rafu akashusha boksi jipya lenye picha ya familia inayocheka mbele ya ukuta unaong'aa. "Basi huna haja ya kwenda mbali. Hii hapa. Mwanga wake ni lumeni elfu tisa."

"Lumeni elfu tisa amezipima nani?"

"Zimeandikwa kwenye boksi, mama."

"Iwashe basi, mlango ukiwa wazi hivi hivi, tuone huo mwanga."

"Hizi mpya hatufungui. Ikishafunguliwa si mpya tena."

"Na ikiwa mita mbili na nusu kutoka kwenye pazia, picha inakuwa na upana gani?"

"Inakuwa kubwa tu. Hii inafaa kwa kila kitu."

Odeta alikuwa anafungua mdomo kuuliza tena ndipo mumewe, Masele, alipoingia. Alikuwa amechelewa kupata pa kuegesha gari. Masele alikuwa na duka la vipuri vya magari Buzuruga, na wafanyabiashara wengi wa mjini walimfahamu. Chenge alizunguka meza kumlaki kama Msukuma mwenzake.

"Ngosha! Mwangaluka."

"Mwangaluka," Masele aliitikia, wakashikana mikono.

Kuanzia hapo mazungumzo yalihamia kwenye Kisukuma na Odeta akabaki na kiti chake. Alikuwa Mhaya, amezaliwa Muleba, lakini alikuwa ameishi na wakwe zake muda wa kutosha kusikia kila neno. Alimsikia Chenge akiuliza, "Huyu anataka nini hasa?" Akamsikia mumewe akijibu huku anacheka, "Gofu. Ndiyo ugonjwa wake." Kisha Chenge akamwonyesha Masele lile boksi, akamtajia bei, akamweleza kwamba hata mechi za Jumapili zitaonekana vizuri. Masele akaligeuza boksi mikononi, akauliza kama lina dhamana. Hakuna aliyezungumzia mita mbili na nusu.

Odeta alisimama akatoka. Masele alimkuta ameshakaa ndani ya gari, mkanda amefunga.

"Mbona umeondoka? Jamaa alikuwa ameanza kushuka bei."

"Nilimuuliza swali. Hakunijibu."

"Si ungerudia."

Odeta aligeuka akamtazama. Kulikuwa na maneno mengi ya kusema na gari lilikuwa limezuia lori la soda. Akamwambia awashe gari.

Haikuwa mara ya kwanza. Alianza gofu akiwa mtu mzima, siku kiwanda kilipopeleka wafanyakazi kwenye bonanza, na mkufunzi mmoja akamwekea mpira chini akamwambia ajaribu. Ule mpira uliruka moja kwa moja, juu, ukadondoka mbali kuliko wote wa siku ile, na Odeta hakuwahi kupona. Lakini uwanjani akina mama walitengewa Jumanne alasiri, wakati yeye yuko zamu, akiwa na buti nyeupe na kipima joto mkononi. Jumamosi na Jumapili asubuhi zilikuwa za wanaume. Mwanamke aliweza kuingia wanaume wakishamaliza, na wanaume walimaliza jua likiwa kali, au mvua ya kutoka ziwani ikiwa imeshaanza. Odeta aliwahi kuiuliza kamati kwa nini. Walimjibu kwamba akina mama wenyewe ni wachache. Akawaambia ni wachache kwa sababu hawana muda wa kucheza. Mmoja akamshauri aje na mumewe, wajadili jambo hilo pamoja. Masele hakuwa amewahi kushika fimbo ya gofu hata kwa kuihamisha isimkwaze.

Ndiyo maana akaitaka gereji. Humo ndani hamkuwa na kamati.

Jumamosi iliyofuata alitoka zamu mchana, amechoka, mikono bado ina baridi ya chumba cha barafu. Masele alikuwa anamsubiri nje ya geti, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Usiingie ndani kwanza," alisema. "Pitia gereji."

Alikuwa amefagia. Magunia ya mpunga yaliyokuwa yanaziba kona alikuwa ameyahamishia stoo. Na kule nyuma, karibu kabisa na mlango wa gereji, juu ya kibao kilichopigiliwa kwenye boriti, ilikuwa imekaa projekta nyeupe, mpya. Boksi la familia inayocheka lilikuwa limesimamishwa pembeni kama cheti.

"Chenge alinipigia mwenyewe," Masele alisema. "Akasema kwa kuwa ni mimi, ananipunguzia. Nikasema mke wangu asihangaike tena."

Alikuwa na furaha ya kweli usoni, na hilo lilimfanya Odeta avute pumzi kabla ya kujibu. "Kwa nini umeiweka kule nyuma?"

"Ukiisogeza mbele picha inakuwa ndogo. Fundi alijaribu kila mahali. Pale ndipo inapojaza pazia."

Odeta alifunga mlango wa gereji, akaunganisha kompyuta, akawasha. Uwanja ulijitokeza, lakini ulikuwa kama shati lililofuliwa kupita kiasi. Nyasi za kijivu, anga la kijivu, na bendera ikijificha katikati. Miale ya jua iliyopita kwenye matundu ya hewa ilikuwa inang'aa kuliko jua la kwenye picha. Akachukua fimbo akasimama mahali pake. Kivuli chake kikaanguka katikati ya pazia, kichwa, mabega na fimbo, kikafunika njia yote ya kuendea kwenye shimo.

Akabaki amesimama hivyo ili Masele aone.

"Si ungesogea pembeni kidogo?" Masele alisema.

"Nikisogea pembeni nitapiga ukuta."

"Basi hata ukiinama."

"Masele, humu ndani nani anacheza gofu?"

"Wewe."

"Chenge alimuuzia nani projekta?"

Masele akalitazama boksi la familia inayocheka.

"Nilimweleza kila kitu yule mtu. Nilimwambia kivuli, nikamwambia mwanga, nikamwambia umbali. Akakupigia wewe, ambaye hukuuliza chochote, akakuuzia kile kile nilichokikataa. Na wewe ukachukua. Hata kunipigia simu kuniuliza, hapana."

"Nilitaka kukufurahisha."

"Ningefurahi kama ungenisikiliza. Ile siku ulisema ni ugonjwa wangu. Nilisikia."

Masele akainamisha kichwa akakwangua na kiatu tone la rangi lililokauka sakafuni. Alikuwa amesahau kwamba mkewe anasikia Kisukuma, au hakuwahi kulifikiria sana. "Yalikuwa maneno ya utani tu," alisema mwishowe, na sauti yake ilionyesha kwamba hata yeye hayakumridhisha.

Jumatatu Odeta aliomba ruhusa kazini asubuhi. Aliifungasha projekta kwenye boksi lake, na waya zake zote, akaenda mjini peke yake. Masele alikuwa ameondoka mapema kupeleka vipuri Kigongo.

Dukani kwa Chenge alikuta mteja mmoja mbele yake. Alikuwa mzee wa makamo aliyevaa koti, aitwaye Revocatus, kiongozi wa kwaya ya usharika mmoja wa Kilutheri. Alikuwa amekuja kuchukua projekta ya kanisa, ya kuonyesha maneno ya nyimbo wakati wa ibada. Boksi lililokuwa mezani mbele yake lilifanana kabisa na la Odeta.

"Shikamoo," Odeta alimsalimia.

"Marahaba, mwanangu."

Odeta akaweka boksi lake kando ya lile. "Chenge, nimerudisha. Haifai kwa kazi niliyokueleza."

Uchangamfu wa Chenge ulibaki mdomoni lakini macho yalibadilika. "Mama, bidhaa ikishatoka dukani hairudi. Imeandikwa pale ukutani."

"Pale ukutani hapajaandikwa kwamba unaruhusiwa kumuuzia mtu kitu ambacho ulijua hakimfai."

"Na pia wewe sikukuuzia. Nilimuuzia bwana wako. Kama kuna tatizo, aje yeye tuongee."

Odeta alikuwa amejiahidi njiani kwamba hatapandisha sauti, na hakuipandisha.

"Yeye hatumii. Natumia mimi. Nilikuja hapa kwa miguu yangu nikakuuliza swali kwa Kiswahili, na unalikumbuka. Nijibu leo."

"Mama, nenda nyumbani mkazungumze, msigombane kwa ajili ya mashine."

"Sijagombana na mtu nyumbani. Nina ugomvi na wewe."

Akatoa projekta kwenye boksi. Chenge aliposema haruhusu vitu kufunguliwa dukani, Odeta alimwambia hii imeshafunguliwa, si mpya tena, kwa maneno yake mwenyewe. Ukuta wa upande wa kulia ulikuwa mweupe na mtupu. Akatoa futi, akapima mita mbili na nusu kutoka ukutani, akavuta kile kiti alichovutiwa siku ya kwanza, akaiweka projekta juu yake. Akachomeka umeme. Kompyuta alikuwa nayo mkobani. Mlango wa duka ulikuwa wazi na jua la asubuhi lilikuwa limeingia mpaka nusu ya sakafu.

Picha ilitoka ndogo na hafifu. Odeta akaipima mbele yao: haikufika mita mbili. Akasema yeye anahitaji tatu. Kisha akafungua ukurasa wenye maandishi, akamgeukia Revocatus.

"Mzee wangu, samahani, unaweza kunisomea hapo?"

Revocatus alivaa miwani. Akasogea hatua moja, kisha nyingine. "Naona kuna mistari," alisema. "Maneno siyapati."

"Ni kwa sababu ya jua," Chenge aliwahi. "Usiku inang'aa sana hii."

"Ibada yetu ni saa nne asubuhi," Revocatus alisema, "na kanisa lina madirisha pande zote." Akavua miwani akalitazama boksi lake kwa muda. "Ngoja kwanza, Chenge. Hii yangu usiifunge."

Chenge akamsogelea Odeta, akashusha sauti. "Unaniharibia biashara, mama."

"Nimesoma kipimo tu. Kama kipimo kinakuharibia, si mimi."

"Sawa. Nampigia Masele." Alisema kama mtu anayemwita mkubwa. Akapiga, akaweka sauti ya simu juu ili Odeta asikie akigombezwa.

"Ngosha, mke wako yuko hapa dukani, amefungua mashine mbele ya wateja, anasema nirudishe. Sisi tulishamalizana, wewe na mimi. Hebu ongea naye."

Kulikuwa na upepo upande wa pili, na mlio wa malori. Chenge akatazama kioo cha simu kuona kama imekatika.

"Chenge," Masele alisema, "mimi gofu siijui. Yeye alikuuliza swali siku ile ukaniuzia mimi badala ya kumjibu. Nami nilikosea, nikanunua. Ongea na mwenye projekta."

"Lakini Ngosha..."

"Yuko hapo mbele yako. Mimi nashusha mzigo."

Simu ikakatika. Odeta alikuwa amejiandaa kumsikia mumewe akiomba yaishe, akitafuta maneno ya katikati yasiyomuudhi yeyote. Aliinama akajifanya anakunja waya.

Revocatus alikohoa. "Mjibu basi dada wa watu," alimwambia Chenge.

Chenge aliketi. Kwa mara ya kwanza alimtazama Odeta kama mtu anayemsikiliza. "Umesema picha ya mita tatu, kwa umbali wa mita mbili na nusu."

"Ndiyo. Na pazia langu si refu kwa upana kama televisheni. Linakaribia kuwa mraba."

"Kwa hizi mpya, za bei unayotaka, sina," alisema. Haikuwa rahisi kwake. "Zinazotoa picha kubwa kwa karibu, mpya, ni ghali. Lakini kuna moja stoo. Imetumika. Ilikuwa kwenye ukumbi wa semina, wakafunga. Nimekaa nayo muda mrefu, watu hawaitaki kwa sababu picha yake ni ya mraba, ukiangalia mpira inaacha weusi juu na chini."

"Ilete."

Ilikuwa ya kijivu, nzito, imekwaruzwa ubavuni, na kichujio chake kilikuwa kimejaa vumbi ambalo Odeta alilitoa kwa ncha ya kitenge. Aliiweka kwenye kiti kile kile, umbali ule ule, mlango wazi vile vile. Ukuta ukajaa. Pembe za picha zikapita mwisho wa rangi nyeupe zikapanda kwenye rafu ya redio. Nyasi zilikuwa za kijani. Haikuwa kali kama televisheni, na ukikaribia sana uliona vidoti, lakini ukurasa wa maandishi ulipofunguliwa, Revocatus alisoma mistari yote kutoka alipokuwa, kwa sauti, bila miwani. Odeta akasimama mbele ya kiti, mgongo wake karibu na mashine, akaona kivuli chake kimeziba picha. Akaiinua mashine kwa mikono juu ya kichwa chake, akasogea nyuma nusu hatua, na kivuli kikaondoka.

Akairudisha kitini, akaiagiza kompyuta ionyeshe mpira ukipigwa, akatazama kama picha inachelewa. Haikuchelewa. Akaomba kuona umri wa taa yake kwenye mashine yenyewe, Chenge akambonyezea. Taa ilikuwa imetumika, lakini haijafika nusu.

"Taa ikiungua inapatikana?"

"Inapatikana. Nitakuagizia Dar."

"Basi tunabadilishana. Hii kwa ile."

"Utaongeza kidogo, mama. Hii ya zamani ilikuwa mashine ya maana."

"Siongezi hata shilingi. Ulikuwa umeiweka stoo kwa sababu hakuna anayeitaka. Na ulinipotezea wiki."

Chenge alimtazama Revocatus kutafuta msaada. Revocatus alikuwa anaangalia ukuta. "Kama unayo nyingine inayosomeka mchana," alisema, "nami nioneshe. Kabla sijalipa."

Odeta alitoka na mashine ya kijivu mikononi. Chenge alimfungulia mlango wa teksi, akamwita dada, akamwambia siku nyingine apite moja kwa moja kwake. Odeta alimshukuru kwa kumfungulia mlango. Kwa mengine hakumshukuru.

Jioni ile fundi aliifunga darini, mbele kidogo ya mahali Odeta anaposimama. Mvua ilikuwa imenyesha na kuacha, na Buhongwa nzima ilikuwa inanuka udongo. Masele alirudi kutoka Kigongo akakuta taa ya gereji imezimwa na pazia limejaa uwanja. Odeta alikuwa anapiga. Masele alisimama mlangoni mpaka mkewe alipopumzika.

"Inaonekana," alisema.

"Inaonekana."

"Bado umekasirika."

"Ndiyo. Chenge nimemaliza naye. Wewe bado." Aliweka mpira mwingine chini. "Ulichosema kwenye simu kilikuwa kizuri. Lakini ilibidi niende mjini na futi mkononi, nimbane mtu mbele ya mzee wa kanisa, ndipo ukakisema. Ungekisema siku ile ya kwanza, pale dukani, kingetosha."

"Ni kweli."

"Na ile ya ugonjwa usiirudie. Si kwa Kisukuma, si kwa lugha yoyote."

"Sitarudia." Masele akasogeza gunia la mpunga alilolisahau siku ile ya kufagia, akakaa juu yake. Kisha akauliza, "Ile bendera iko mbali kiasi gani?"

Odeta alimtazama kuona kama ni swali la kutuliza tu. Masele alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anaangalia pazia.

"Mita mia moja na thelathini. Na kuna maji katikati, huyaoni kwa sababu umekaa pembeni. Njoo usimame hapa nyuma yangu."

Masele akaja. Odeta alipanga miguu, akatulia, akapiga. Mpira uligonga pazia kwa mlio mzito, na kwenye picha ukaonekana ukipanda, mweupe, ukivuka maji yale na kudondoka upande wa kushoto, mbali na bendera.

"Umekosa," Masele alisema kwa tahadhari.

"Nimekosa," Odeta alisema, akachukua mpira mwingine.